Je, Kelele za Zaireeka Ni Muziki? Mjadala wa Wasikilizaji wa Unguja na Pemba

Mleta mada, Mji Mkongwe, Unguja

Naileta mada hii mbele yenu kwa sababu kundi letu la wasikilizaji limegawika vibaya juu ya albamu moja ya roki ya Marekani. Wapo wanaotaka ipigwe tena mbele ya vijana katika ukumbi wa wazi, na wapo wasiotaka hata kuisikia ikitajwa, kwa hiyo nimeona ni haki suala hili lizungumzwe na watu wengi zaidi.

Albamu yenyewe ni Zaireeka ya bendi ya The Flaming Lips kutoka Oklahoma City, iliyotoka mwaka 1997. Ina nyimbo 8, lakini kila wimbo umegawanywa katika CD 4, na zote nne zinatakiwa zipigwe kwa wakati mmoja katika mashine nne tofauti. Anayepiga CD moja peke yake hupata kiunzi cha wimbo tu. Kwa vile hakuna deki mbili zinazokwenda kwa kasi ile ile kabisa, sauti huanza pamoja kisha huachana kidogo kidogo, na bendi ililijua hilo tangu mwanzo. Kabla ya albamu hii, kiongozi wao, Wayne Coyne, alikuwa akikusanya watu wenye magari mahali pa kuegesha, akiwagawia kanda na kuwataka wazipige kwa pamoja katika redio za magari yao. Huko kwao pia walitofautiana: jarida la Pitchfork liliipa albamu alama 0.0, ilhali wapo wasikilizaji wanaoihesabu miongoni mwa kazi bora za bendi hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba huu ni muziki, na ni muziki unaotufaa sisi kuliko nyimbo nyingi tunazoletewa, kwa sababu umetungwa ili usikilizwe na watu waliokaa pamoja. Hukumu ya mtu aliyesikiliza nakala iliyokwisha kuunganishwa, peke yake, kwa visikizio vya simu, siikubali kuwa ni hukumu juu ya albamu hii.

Mchangiaji wa Wete, Pemba

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Kuhitaji watu wengi hakukifanyi kitu kuwa muziki; soko la Wete lina watu wengi na sauti nyingi, na sijamsikia mtu akiliita taarab.

Jengine ni kwamba mtunzi anapaswa kubeba dhamana ya kila sauti anayoitoa. Ikiwa mpangilio wa mwisho unategemea uzima au uchakavu wa deki yangu, basi nani aliyetunga? Na wimbo wa sita una sauti nyembamba mno na nzito mno, kiasi kwamba maelezo ya albamu yenyewe yanatahadharisha kuwa msikilizaji anaweza kupotewa na utambuzi wa alipo, na kwamba usisikilizwe na mtu anayeendesha gari. Mimi niliusikiliza kwa spika mbili tu, na kichwa kiliniuma mpaka laasiri.

Naomba pia asitokee mtu wa kunitajia kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa roki wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Kuzaliwa kwake hapa hakuifanyi kila roki kuwa yetu.

Mchangiaji wa Kikwajuni, Unguja

Mimi sina ugomvi na muziki, nina ugomvi na mahali. Nyumba zetu zimebanana, ndani mna wagonjwa na watoto wanaodurusu. Ikiwa lazima ipigwe, ipigwe ndani ya ukumbi uliofungwa, baada ya Alasiri na imalizike mapema kabla ya adhana ya Magharibi. Wimbo wa mwisho unaishia kwa mbwa wanaobweka kutoka pande zote, na mpita njia asiyejua atadhani kumetokea jambo.

Mpiga fidla, Mji Mkongwe, Unguja

Nimepiga taarab na kidumbaki, ngoma yetu ya harusi iliyo jamaa ya taarab, tangu ujanani, na nadhani ndugu yetu wa Wete ameifanya taarab kuwa nadhifu kuliko ilivyo. Katika taarab yetu ya asili, fidla na ala nyengine za nyuzi, yaani kanuni na udi, hushika mahadhi yale yale, lakini kila mpigaji huyaremba kwa namna yake: mmoja hutangulia kidogo, mwengine hubakia nyuma, wa tatu hujaza pale mwenziwe alipopumua. Utamu wake umo katika kule kutolingana. Kidumbaki ndicho kikali zaidi. Pana ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, sanduku lenye uzi mmoja, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganishwa, na fidla inayokwaruzwa kwa nguvu ili isimezwe na vishindo vya harusi, na mgeni anayeisikia mara ya kwanza huiita kelele. Rusha roho, yaani taarab ya kisasa, ilipoingia na vinanda vya umeme na spika kubwa, wazee wengi waliiita kelele vile vile.

Hata hivyo, mleta mada naye amepita haraka mahali ambapo alipaswa kusimama. Sisi tunapoachana katika wimbo, tunasikilizana, na mpigaji aliyekwenda mbali hurudi kwa sababu sikio lake limemwita. Deki haisikii. CD ya pili haijui kuwa ya kwanza imechelewa, na haitaingojea. Hiyo ni tofauti kubwa, na kwangu ndiyo inayoamua iwapo kinachotokea ni muziki wa pamoja au ni mashine nne tu zilizoachwa zikiwaka.

Mleta mada

Maalim, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na nitaijibu kwa yale niliyoyaona.

Tulipoipiga tulikuwa na deki mbili za zamani, redio moja ya CD na kompyuta iliyounganishwa na spika, kila moja katika pembe yake ya chumba. Mtu mmoja alihesabu, na wanne wakabonyeza. Katika wimbo wa tatu, unaosimulia rubani aliyekata tamaa akiwa angani, redio ilikuwa imekwisha kutangulia, na sauti ya mwimbaji ikawa inajijibu kutoka upande wa pili kabla haijauliza. Kijana mmoja alitaka kuisimamisha ili zilingane, mwenziwe akamshika mkono akisema iachwe, na mwengine akainuka kupunguza sauti ya deki ya mlangoni kwa sababu ilikuwa inaifunika. Ni kweli kwamba mashine hazisikii, Maalim, lakini watu waliozisimamia walisikia, wakaamua, wakabishana, na wimbo tulioupata siku ile ulitokana na maamuzi yao. Wengi wao ni vijana ambao hawajawahi kushika ala yoyote.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay kurekodi, santuri zake zilirudi zikasikilizwa na watu waliokusanyika kuzunguka mashine moja. Siku hizi kila mmoja ana mashine yake masikioni. Siidharau simu, lakini naona tumepoteza mazungumzo yaliyokuwa yakifuata kila wimbo, na albamu hii inatulazimisha kuyarejesha, kwa kuwa huwezi kuipiga bila ya kukubaliana na wenzako.

Kwa dada yetu wa Kikwajuni, sharti la ukumbi uliofungwa nalikubali bila ya mjadala, na la wakati pia.

Mchangiaji wa Wete, Pemba

Mfano wa soko naufuta baada ya kumsoma Maalim. Hoja ya mtunzi siifuti. Kama vijana wa Mji Mkongwe ndio walioamua kipi kisikike na kipi kifunikwe, basi sehemu ya sifa ni yao, na tuache kuimimina yote kwa bendi ya Marekani. Juu ya wimbo wa sita msimamo wangu ni ule ule: asilazimishwe mtu kukaa ndani unapopigwa, na watoto watolewe.

Nitakusanya watu hapa Wete tuupime ubishi huu wenyewe. Wanaotaka kuja walete deki za CD, na zikiwa kuukuu ni bora zaidi, kwa sababu tukitumia simu nne za aina moja zitakwenda karibu sawa na hatutapata cha kubishania.