Mjadala: Mashuka ya pamba hai bwenini, tuyadai au tuache?

Mleta hoja, mzazi, Moshi

Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi katika shule ya bweni anayosoma binti yangu. Mzazi mmoja akapendekeza kwamba kuanzia mwakani kila mtoto aripoti na jozi mbili za mashuka ya pamba hai, yaani pamba iliyolimwa bila viuatilifu wala mbolea za viwandani, na yawe na cheti. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna, kikao kikafungwa bila jibu.

Mimi naunga mkono. Mwaka jana binti alirudi likizo na vipele shingoni na mgongoni. Lile shuka tuliloelekezwa kununua nikalishika, linateleza kama mfuko wa nailoni, jasho halinywi kabisa. Nikamtandikia shuka langu kuukuu la pamba. Wiki mbili ngozi ikatulia. Mtoto analalia kitambaa hicho usiku kucha, miaka minne. Hapo ndipo pa kubania pesa kweli?

Fundi cherehani, Arusha

Pole kwa mtoto, dada yangu. Ila ulichoeleza ni habari ya poliesta, uzi wa plastiki, pamba hai haijaingia hapo bado. Nashona mashuka jirani na soko la Kilombero, huu mwaka wa kumi na tatu. Wateja wananiletea kitambaa kimeandikwa pamba tupu. Nachomoa uzi, nawasha kiberiti. Pamba hushika moto upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyafikicha yanapotea vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, huacha kishanga cheusi kigumu ambacho kucha haikivunji. Mara nyingi napata vyote viwili kwenye uzi mmoja, majivu na kishanga. Na mwenye duka wala hajui, naye kauziwa hivyohivyo.

Kama pamba yenyewe hatujaihakiki, tukidai cheti tutauziwa karatasi. Na kiberiti hakitakuambia kama pamba ilipuliziwa dawa shambani.

Mtoto wa mkulima, Arusha (kwetu Meatu)

Fundi kasema kweli, lakini pamba hai isidharauliwe. Kwetu Meatu, Simiyu, inalimwa tangu miaka ya 1990. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akibeba bomba la dawa mgongoni, linavuja, shati linalowa mpaka kiunoni, jioni kichwa kinamgonga hali chakula. Alipoingia kilimo hai akapanda mistari ya alizeti ndani ya pamba ili funza wa vitumba akimbilie huko. Akaweka samadi, akawa anabadilisha na choroko. Kazi ni nyingi, palizi haiishi. Kwa hiyo bei ya juu ya pamba hai ni jasho la watu.

Tuambizane ukweli: anayepona kwanza ni mkulima, halafu udongo. Mwanafunzi wa bweni anakuja nyuma sana, maana kitambaa kikishachemshwa na kupaushwa kiwandani, dawa ya shambani hubaki kidogo mno. Ukinunua pamba hai, nunua kwa ajili ya mgongo wa baba yangu.

Kinachoniuma zaidi, pamba yetu nyingi inakwenda nje ikiwa robota, furushi la pamba ghafi, inaturudia ikiwa shuka.

Bibi, nesi mstaafu, Moshi

Wanangu, mimi mashuka ya wajukuu nachagua mtumba pale soko la Memorial. Pamba iliyofuliwa miaka ni laini, imeshatoa rangi na madawa yake yote. Yale mapya yasiyokunjamana mara nyingi hutiwa fomalidehaidi, dawa ya kuzuia mikunjo, kiwandani, na ngozi nyingine hazitaki kabisa. Fueni kwanza ndipo mtandike. Na mkipitisha sharti la cheti, mtoto wa mama anayeuza ndizi stendi mtamrudisha nyumbani?

Mleta hoja

Shikamoo bibi. Hilo la fomalidehaidi ndilo lililonifanya nitake cheti. Cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, hakiishii shambani: kinataka nyuzi za kilimo hai zisipungue asilimia 70, na kinabana hata dawa na rangi za kiwandani. Sijaiacha hoja yangu. Lakini la mama wa ndizi limenikaa moyoni, sina jibu lake. Basi nalegeza: pamba tupu iwe lazima, mpya au mtumba. Pamba hai iwe ya mwenye uwezo, na shule yenyewe ianze nayo kwenye vitanda vya chumba cha wagonjwa, inakonunua kwa mkupuo.

Kikao kijacho naenda na kiberiti na lile shuka la mwaka jana. Fundi, uzi nauchomoa wapi?

Fundi cherehani

Chomoa miwili, dada, wa urefu na wa upana. Mtande unaweza kuwa pamba, mshindio ukawa poliesta. Na uchomee nje, juu ya sahani, poliesta ikiyeyuka inadondoka.