Mkataba wa msanifu mandhari: wigo wa kazi uandikweje?

Mjenzi_Goba
Wakuu, kiwanja ni mita za mraba 2,400, kina mteremko mkali, nyumba imefika kwenye lenta. Msanifu mandhari ameleta mkataba wa ukurasa mmoja: "kusanifu na kusimamia bustani", kwa bei ya jumla. Nidai nini kabla ya kusaini?

BOQ_Kwanza
Usisaini bado, mkuu. "Kusimamia" ndilo neno litakalowagombanisha. Yeye hashindi saiti kama fomani, anakuja kukagua. Basi zitajwe ziara zenyewe: viwango vya urefu wa ardhi vikiwekwa alama, mifereji ikiwa wazi kabla ya kufukiwa, mashimo ya miti kabla ya kujazwa, makabidhiano, na mwisho wa kipindi cha matazamio (muda wa kuangalia kasoro baada ya makabidhiano). Ya ziada iwe na bei yake.

Kila mchoro utajwe pia. Mchoro wa upandaji uwe na jedwali: jina la kisayansi, urefu wa mche siku ya kupandwa, nafasi kati ya miche, idadi. Ukiandika "miti ya kivuli 12" tu, mkandarasi ataleta miche ya sentimita 30 na huna pa kumshika.

Mteremko
Mimi ningeanzia kwenye mipaka na wataalamu wengine, maana kwenye mteremko hasara inatokea hapo. Michoro ya nyumba huishia bomba la maji ya paa linapogusa ardhi, ya bustani huanzia kwenye nyasi. Katikati hakuna aliyechora, na maji yanaingia msingini. Andika wazi kwamba msanifu mandhari anayapokea maji kwenye bomba na kuyafikisha mpaka yanapotoka kiwanjani.

Kuta za kuzuia udongo: yeye anapanga zikae wapi na urefu wake, nondo na msingi ni vya mhandisi. Upimaji wa kontua (mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi) za nusu mita kwa kawaida unamlipa mpima wewe mwenyewe, kwa hiyo itajwe kuwa haumo kwenye bei ya msanifu.

Kwa hatua uliyofikia, viwango vitoke kwanza, kabla fundi hajajenga chemba. La sivyo vifuniko vitasimama juu ya nyasi, au udongo upande mpaka kufunika DPC (tabaka la kuzuia unyevu ukutani) na ukuta uanze kunyonya unyevu. Udongo ubaki sentimita 15 chini ya DPC na ushuke sentimita 2 kila mita kutoka ukutani.

Mjenzi_Goba
Nimeelewa. Na malipo?

BOQ_Kwanza
Kwa awamu: dhana (mchoro wa wazo la awali), michoro ya kina pamoja na BOQ (orodha ya vifaa na kazi kwa vipimo), kisha ukaguzi. Weka na idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, mathalani mawili kwenye dhana. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya ile ziara ya matazamio, maana mti uliopandwa juu ya kifusi hukaa kijani miezi ya mvua na kuanza kukauka kiangazi kikiingia.