Ukatibu mahsusi: halmashauri Kigoma, shirika Kasulu au mkandarasi Tabora? Nisaidieni kupima

BintiUnyanyembe (mleta mada):
Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nimesoma uhazili, yaani kazi za ukatibu, hapahapa Tabora, chuo cha utumishi wa umma, kile ambacho mama yangu mpaka leo anakiita "Uhazili". Nimekaa mapokezi ya ofisi ya mtu binafsi miaka minne. Sasa mambo yamekuja kwa mkupuo, mwezi mmoja nina barua tatu mezani.

Ya kwanza ni halmashauri moja mkoa wa Kigoma, Mwandishi Mwendesha Ofisi (ndiye katibu mahsusi), nimepita usaili wa Sekretarieti ya Ajira, masharti ya kudumu. Ya pili ni shirika la misaada Kasulu, msaidizi wa mkuu wa ofisi, mkataba wa mwaka mmoja, shilingi 1,450,000 kwa mwezi. Ya tatu ni mkandarasi wa ujenzi hapa Tabora, msaidizi wa meneja mradi ambaye ni mgeni kutoka nje, 900,000, mkataba "mpaka mradi uishe".

Nina mtoto wa miaka mitatu. Moyo uko Kasulu, mama anataka niende serikalini. Nyie mngechukua ipi?

Mgebuka Mkavu:
Milioni moja na nusu kasoro halafu unauliza? Watu wana digrii wanaendesha bodaboda Mwanga, Kigoma mjini. Funga mabegi.

Laki Si Pesa:
Mgebuka, hiyo hela hataiona yote. Dada, kabla ya moyo tuanze na kalamu.

Kasulu: 1,450,000. NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, asilimia 10 ni 145,000. Kinachobaki kinatozwa kodi: mpaka milioni moja kodi ni 128,000, na ile 305,000 ya juu inakatwa asilimia 30, yaani 91,500. Jumla ya kodi 219,500. Mkononi 1,085,500.

Mkandarasi: 900,000, toa NSSF 90,000, toa kodi 80,500. Mkononi 729,500.

Halmashauri: ngazi yako angalia kwenye jedwali la mishahara la mwaka huu, mimi nachukulia laki saba kwa ajili ya hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unakatwa asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya asilimia 3, 21,000. Kodi 49,000. Mkononi 595,000. Laki saba hiyohiyo ukilipwa na kampuni binafsi unabaki na 588,000, na hapo bima ya afya bado sijaihesabu. Akiba ya uzeeni inalingana, 140,000 kwa mwezi kote kote, ila serikalini mwajiri anaweka asilimia 15 na wewe 5, binafsi mnagawana nusu kwa nusu.

Kwa hiyo usilinganishe 1,450,000 na laki saba. Linganisha 1,085,500 ya miezi kumi na miwili na 595,000 ya miaka mingi. Na kama una deni la Bodi ya Mikopo, waambie wakupigie hesabu upya kabisa.

Mzee wa Masijala:
Marahaba binti. Mimi nimestaafu, nilianza na mashine ya kupigia chapa yenye utepe, ukikosea unarudia ukurasa. Nikuambie kitu ambacho tangazo haliandiki.

Tangazo litakuomba hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunukuu haraka, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika. Ukifika, hiyo hatimkato utaitumia mara chache mno. Utakachotumia kila siku ni kujua faili liko wapi. Mkurugenzi ataita: "Lile dokezo la maji liko wapi?" Hakutajii namba, hakutajii kijiji. Wewe ndiye unajua limekwenda kwa mweka hazina Jumanne na halijarudi, na unajua umwambie nani alikumbushe bila kumuudhi. Siku hizi mambo mengi yako kwenye mfumo, lakini mfumo haumwambii mkuu kwamba diwani aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili amekuja kwa hasira na soda ya baridi peke yake haitamtuliza.

Mshahara hautakutajirisha. Mwaka wa kwanza uko kwenye majaribio, posho ya kujikimu ya kuanzia kazi inaweza kukukuta umeshakopa. Ila ukithibitishwa, mkuu anahama, wewe unabaki. Nimehudumia wakurugenzi saba.

Kasulu_Kwetu:
Nipo kwenye mashirika huku tangu zamani, nitasema kweli pande zote.

Hela ni nzuri na unajifunza haraka. Mkuu wangu wa kwanza alinifundisha kuandika muhtasari wa kikao ukurasa mmoja: nani anafanya nini, lini, basi. Kiingereza cha kuandika lazima kiwe safi kwa sababu ripoti zinakwenda nje bila mtu wa kukusahihisha. Kiswahili cha hapa ni cha kila mtu, na ukiwa na Kifaransa au Kirundi kidogo kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, unakuwa mtu wa kutafutwa.

Upande wa pili: fedha za wafadhili. 2025 ilipopunguzwa misaada, tuliona wenzetu wanakabidhi kompyuta na kitambulisho siku moja. Hakuna aliyekuwa mvivu pale. Kwa hiyo ukija, waulize mkataba wako unalipwa na mradi gani na mradi unaisha lini. Jibu la "tuna matumaini ya kuongezewa" ni jibu la hapana.

Na matarajio yasiyoandikwa yapo. Kila mgeni wa makao makuu akifika anataka dagaa na migebuka ya kupeleka Dar. Nilikuwa nalala saa sita usiku nafunga samaki kwenye boksi, karatasi ndani, nailoni juu, karatasi tena, isije ikanuka kwenye ndege. Nikauliza hiyo iko kwenye majukumu yangu namba ngapi, wakacheka wote. Mwaka uliofuata nikaacha kufunga, na hakuna kilichoharibika.

HatiMkato:
Mimi nilikuwa kwa mkandarasi, sitataja nani. Meneja mgeni si mtu mbaya, shida yangu ilikuwa saa.

Wiki ya kwanza ananiambia niite wazee wa kijiji kikao cha "9". Nikaandika barua: saa 9:00. Wazee wakasoma Kiswahili chao, wakaja saa tisa alasiri. Meneja amekaa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi, peke yake, na viti hamsini vya kukodi. Nilikatwa siku hiyo? Hapana. Ila tangu hapo barua zangu zote zinaandika "saa 3:00 asubuhi", na kwake naandika kwa namba za saa 24. Hiyo ndiyo kazi yenyewe dada, kukaa katikati ya saa za aina mbili, ya Kiswahili na ya kizungu.

Sasa sikiliza. Watakuambia wewe ni "menejimenti", hivyo hakuna malipo ya saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na ziada inalipwa mara moja na nusu. Anayeondolewa kwenye masharti ya saa ni mtu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Wewe utasimamia nani, birika? Mimi nilipigiwa simu Jumapili kanisani kwa miezi minane bila senti. Likizo siku 28 kwa mwaka, nayo ulizia.

Mgebuka Mkavu:
Utasimamia birika 😂 Haya, nimerudi nyuma kidogo. Lakini laki tano na tisini na mtoto?

Laki Si Pesa:
Mtoto ndiye anayenifanya niitazame ile bima, Mgebuka.

BintiUnyanyembe:
Asanteni sana, Mzee wa Masijala nimekusoma mara tatu.

Leo nimepiga simu mbili. Mkandarasi nimemwomba aandike saa za kazi na malipo ya ziada kwenye mkataba. Yule wa rasilimali watu akasema, "Dada, wewe njoo kwanza, hayo tutaongea." Huyo nimemwacha.

Kasulu walinijibu kistaarabu. Fedha zipo mpaka Desemba, baada ya hapo hawajui. Bima wanatoa, mimi na mtegemezi mmoja. Hilo limenichanganya zaidi, maana sasa siyo wabaya.

Kasulu_Kwetu:
Waliokuambia Desemba wamekuheshimu, wengi husema "tutaona". Barua ya halmashauri inakupa siku ngapi kuripoti?

BintiUnyanyembe:
Kumi na nne. Zimebaki tisa.

Mzee wa Masijala:
Karipoti halmashauri. Chukua vyeti halisi, pamoja na cha kuzaliwa, na picha ndogo za kutosha. Watakuomba leo, kesho watakuomba tena. Na ukifika, mtu wa kwanza kumsalimia awe wa masijala, kule yanakotunzwa mafaili.

BintiUnyanyembe:
Nimeshamwambia mama. Amelia, halafu akauliza kama Kigoma kuna chekechea ya karibu na ofisi. Kuna anayejua ya kuaminika maeneo ya Katubuka au Gungu?