Jamaa wa Dodoma anauza programu ya bure ya kutengeneza watu wa gemu. Kanipiga laki nzima na bado ananidai!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie nikichapia.

Nina gemu yangu ndogo: mzee wa Kigogo anamtafuta ng'ombe wake aliyepotea wakati wa ukame kule Bahi. Kuunda mtu kuanzia sifuri kwenye Blender (programu ya kuchonga vitu vya 3D) siwezi, uso wangu wa kwanza ulitoka kama kiazi. Nikaelekezwa kwa jamaa mwenye kiofisi cha kompyuta mitaa ya Majengo. Akaniuzia flashi kwa 85,000, "mpya kabisa, ya mwaka huu". Unavuta vijiti tu, umri, unene, misuli, urefu, asili, na mtu anabadilika mbele ya macho yako. Nikaona pesa yangu imefika. Nikasainishwa na karatasi: kila mhusika nitakayemtoa ni mali ya ofisi yake, nikitaka kumweka kwenye gemu nalipa 20,000 kwa kichwa.

Nikasaini. Haya, nichekeni.

Mzee wa kwanza nikamtoa, nikamwingiza Blender. Wakuu, mzee ana mita 17! Ng'ombe hamfiki hata gotini. Kumpigia jamaa, ananiambia hiyo ni "hitilafu ya mfumo", nipeleke laptopu na 15,000. Akaigeuzia kioo upande wake, akabofya bofya, akanirudishia. Nimekuja kujua baadaye kwamba ile programu usipoigusa inatoa vipimo kwa desimita (sehemu ya kumi ya mita), Blender ikavisoma kama mita, na palepale pa kutolea faili pana sehemu ya kuchagua mita. Basi, hicho tu. Elfu kumi na tano ya kubofya neno "mita".

Wiki iliyopita nilikuwa napekua mafolda nione kama naweza kumwekea mzee ndewe zilizotobolewa zikavutwa, maana mzee wa Kigogo wa enzi zile bila ndewe zake ni kumvunjia heshima. (Na kile kijiti cha Afrika, ukikivuta mpaka mwisho, kinakupa mtu yuleyule, awe wa Dakar awe wa Kondoa. Hilo nitalifungulia uzi wake.) Katika kupekua nikakutana na faili la leseni. Kumbe ni MakeHuman! Programu huria, imeandikwa kwa lugha ya Python, iko chini ya leseni huria ya AGPL, mtu yeyote anaishusha bure. Toleo nililouziwa ni 1.2, la mwaka 2020. Na wahusika unaowatoa wako chini ya CC0: ni wako, uza, gawa, weka kwenye gemu, hudaiwi na mtu. Jamaa alibadilisha ile picha ya kufungulia akabandika namba yake ya simu, faili la leseni akalisahau.

Kabla hamjanirukia: najua kuuza programu huria si kosa, AGPL yenyewe inaruhusu kutoza. Angesema "dogo, hii ya bure, nilipe bando na muda wangu", ningempa elfu kumi na soda juu. Lakini kaificha jina, halafu anajimilikisha mzee wangu niliyemkunja makunyanzi moja moja usiku kucha. Leseni hiyohiyo inamtaka anipe haki zilezile alizopewa yeye.

Hata kufundisha hakufundisha. Kaniachia mifupa 163 ya kawaida (ile ya ndani ya mhusika inayomchezesha), simu ya kujaribia inakwama kila mzee akiinua fimbo, wakati humohumo ndani kuna mifupa 53 iliyoandaliwa kwa ajili ya gemu.

Jumatatu nikamfuata. "Dogo, ulilipia maarifa." Nikamuuliza, maarifa ya mita au ya desimita? Akachomoa ile karatasi yenye sahihi yangu, anataka 60,000 za wahusika watatu kabla sijapandisha gemu, la sivyo "ataniripoti". Kwa nani, hakusema.

Silipi. Ile laki nimeshaizika. Ninachotaka ni karatasi ichanwe mbele ya macho yangu. Kama na wewe umesainishwa kama mimi, nitafute faragha, Ijumaa saa kumi narudi pale na sitaki kwenda peke yangu. Na kama uko Dodoma unaitaka MakeHuman yenyewe, njoo na flashi yako nikuwekee. Sitaki hata soda.