Tumbusi wameweka makao kwenye miti iliyo jirani na nyumba zetu: je, wana madhara?

Jirani wa Mtoni

Habari zenu. Kwa muda sasa nimekuwa nikiona ndege wakubwa wakizunguka juu sana angani bila kupiga mabawa, na hivi karibuni niliwakuta asubuhi wamejipanga kwenye miti mirefu ya ukingoni mwa mto, vichwa vyao havina manyoya na mabawa wameyatandaza kuelekea jua. Sina shaka kwamba ni tumbusi. Majirani wamegawanyika: wapo wanaosema ndege hawa hutangulia msiba, wapo wanaohofia kuku wao, na mmoja ameshataja sumu. Mimi ningependa waachwe, lakini sina hoja ya kuwapa wenzangu. Je, wanaweza kutuambukiza maradhi, na je, ni tishio kwa mifugo?

Mwangalizi wa Ndege

Ndugu, hongera kwa ugeni huo. Kutandaza mabawa asubuhi ni kawaida yao. Hukausha umande na kujipasha joto huku wakisubiri ardhi ichemke na hewa ianze kupanda, kwani ndege mzito kiasi hicho hawezi kumudu kupiga mabawa kutwa nzima, bali hubebwa na hewa hiyo. Wala hawatabiri kifo cha mtu yeyote. Tumbusi wa Afrika, Asia na Ulaya hutafuta mizoga kwa macho, tena kila mmoja humchunga mwenzake, hivyo anaposhuka mmoja wengine humfuata kutoka mbali.

Kuhusu maradhi, mambo ni kinyume kabisa na wanavyodhani majirani zako. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali mno, nayo huua bakteria wengi ambao wangemdhuru mnyama mwingine, na kundi la ndege hawa laweza kumaliza mzoga kabla haujaoza na kuchafua maji. Waeleze yaliyotokea India, ambako kuanzia miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa wingi wa kutisha, kiasi kwamba idadi ya tumbusi wenye mgongo mweupe wa huko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanzo kilibainika mwaka 2004 kuwa ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo huharibu figo za tumbusi anayekula mzoga wenye mabaki yake. Mizoga ilibaki ikioza, mbwa koko wakaongezeka, na pamoja nao hofu ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo.

Mfugaji

Naongezea kwa upande wa kuku. Miguu ya tumbusi ni dhaifu, imeumbwa kwa kutembea na kusimama juu ya mzoga, si kunyakua na kuruka na windo kama afanyavyo mwewe. Katika mabara ya Amerika yuko tumbusi mweusi ambaye mara nyingine hushambulia ndama wanaozaliwa, lakini tabia hiyo si ya kawaida kwa tumbusi wengi. Huyo aliyetaja sumu azuiwe mapema, maana sumu haichagui: huua mbwa, huweza kumfikia mtoto, na huteketeza kundi zima la ndege kwa mlo mmoja. Nchini Botswana, mwaka 2019, zaidi ya tumbusi 500 walikufa baada ya kula mizoga ya tembo watatu tu iliyotiwa sumu. Spishi nyingi hutaga yai moja tu kwa mwaka, kwa hiyo pengo kama hilo halizibiki haraka.

Mkazi Mwenzenu

Nakubaliana nanyi, ila tusiwafiche majirani kero iliyopo. Kinyesi chao huunguza majani na hunuka, na ikiwa wanalala juu ya paa, tangi la maji lifunikwe vizuri. Hilo ni usumbufu tu, na halimpi mtu ruhusa ya kuua.

Jirani wa Mtoni

Nashukuru sana. Hoja ya mbwa koko itaeleweka kwetu kuliko nyingine zote. Niwasaidie vipi bila kuwasumbua?

Mwangalizi wa Ndege

Tazama kwanza kama wanalala tu au wamejenga viota vya vijiti. Penye kiota usikaribie, kwa sababu kinda wa spishi nyingi hukaa humo kwa miezi kadhaa, na wazazi wakishtuliwa mara kwa mara huweza kukiacha. Wahesabu kwa mbali, asubuhi kabla hawajaruka. Ukikuta kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori, kwani mara nyingi huwa ni sumu. Na wafugaji wa hapo wamwombe daktari wa mifugo meloksikamu badala ya diklofenaki, kwa kuwa imethibitika kutowadhuru tumbusi.