Tupeane uzoefu: tofu na mboga za kukaanga Kichina, jikoni kwetu kusini

Mtu wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Leo sokoni nimeona soya, nikakumbuka chakula cha wale Wachina waliojenga bomba la gesi la Mtwara: tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na mboga zinalia karaini dakika chache, zinaliwa zingali na rangi yake. Mzee wangu kaambiwa kliniki apunguze nyama nyekundu na chumvi, nataka nimpikie hivyo. Waliowahi kupika waseme. Mambo ya video niachieni, nataka ya jikoni.

Binti Mikindani
Natega sikio.

Mpishi wa Kambi
Nilikuwa msaidizi wa jikoni kwao kabla bomba halijazinduliwa 2015. Kinachotushinda wengi ni maji. Mboga ukishaosha zikung'ute, uzitandaze kwenye kitambaa zikauke, la sivyo utazichemsha. Karai la chuma lipate moto kwelikweli, mafuta kidogo, kitunguu saumu na tangawizi visiungue. Karoti na hoho, kisha kabichi, chainizi mwisho kabisa. Usijaze karai, watu wakiwa wengi pika mara mbili. Tofu ikamue maji, ipake unga wa muhogo, ikaange peke yake mpaka ishike ganda, itoe, irudishe mboga zikikaribia kuiva.

Mama Ligula
Unga wa muhogo tena? Si wa mahindi?

Mnewala Halisi
Na akitumia unga wa makopa, ule wa muhogo mkavu, mzee atakula tofu yenye harufu ya uvundo. Kinachotakiwa ni wanga, ule unaotuama chini ukikamua muhogo uliokunwa. Kambini mlikuwa mnakaangia makopa?

Mpishi wa Kambi
Kaka, mimi nimekula mshahara wa jiko, wewe umekula nini? Wanga ndiyo niliomaanisha.

Mwalimu Hana Chaki
Ugomvi baadaye. Tofu yenyewe Lindi mjini naipata wapi?

Binti Mikindani
Tengeneza, mwalimu. Loweka soya usiku kucha, saga na maji, chuja kwa kitambaa, bandika. Hapo usiondoke! Yale maziwa yanafura na kumwagika kabla hayajaiva. Punguza moto, koroga, yachemke dakika kumi hivi, soya isiyoiva inavuruga tumbo. Epua, tia maji ya limao kidogo kidogo mpaka yakatike, mimina kwenye kitambaa, kandamiza na kitu kizito. Ya limao huwa na uchachu kwa mbali. Wachina wengi hugandisha kwa jasi.

Mwalimu Hana Chaki
Jasi hii ya dari? Fundi kaniachia nusu mfuko.

Binti Mikindani
Usithubutu! Kuna ya chakula. Wewe baki na limao.

Mpangaji Masasi
Mmenikumbusha mpangaji mwenzangu, kijana mgeni kutoka bara. Alisikia Wachina wanatia korosho kwenye mboga. Akanunua korosho ghafi na maganda yake, akajifungia chumbani na jiko la gesi, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu. Tofu kaikata vipande vizuri, iko kwenye sinia sakafuni. Korosho kazimwaga kwenye karai kavu, moto mkubwa.

Sisi wa huku tunajua lile ganda lina mafuta, na yakishika moto yanawaka. Ndiyo maana tunachomea uani, juu ya bati, mchanga ukiwa karibu. Nikasikia mtu anakohoa hadi anatapika. Kufungua mlango, moshi mweusi, miali imesimama juu ya karai, na mwenzetu kashika ndoo ya maji, anataka kumwaga! Bibi mwenye nyumba akanipita, akampokonya ndoo, akafunika karai kwa sufuria pana, akafunga mtungi. Hakusema neno. Yale maji yangegusa mafuta yanayowaka, moto ungemrukia usoni.

Basi mngedhani kakoma. Kesho yake akazibangua zilezile kwa mikono mitupu, nyingine kwa meno. Vidole vikawa vyeusi, ngozi ikabanduka, midomo ikavimba. Akawa anakunywa uji kwa mrija.

Mama Ligula
😂😂 Kwa mrija! Na tofu?

Mpangaji Masasi
Kuku wa bibi waliimaliza.

Mnewala Halisi
Korosho nunua iliyobanguliwa, ukaange kidogo, uinyunyize mwishoni. Na huyo bibi apewe nishani.

Mmwera wa Mtanda
Mnasahau ufuta. Lindi tunaupeleka mnadani kwa magunia, halafu mtu ananunua kachupa ka mafuta ya ufuta kutoka nje kwa bei ya kuku.

Mama Ligula
Hayo ya kachupa yanatokana na ufuta uliokaangwa, mjomba, ndiyo maana meusi na yananukia. Ni ya kudondoshea ukishaepua, si ya kukaangia.

Mmwera wa Mtanda
Basi kaanga ufuta wako, utwange, unyunyize juu. Mtwara mnapenda gharama.

Nesi Mstaafu
Mwanangu wa Shangani, angalia sosi ya soya. Kijiko kimoja cha chakula cha ile ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Ya mzee tia kijiko cha chai, zidisha tangawizi na limao, na chumvi nyingine usiweke.

Mpishi wa Kambi
Kambini tulikuwa tunamimina tu, shikamoo mama.

Mtu wa Shangani
Marahaba nampokelea 😀 Ahsanteni. Mzee nimemsomea yote. Kakubali, ila kwa sharti pembeni pawe na pweza.

Nesi Mstaafu
Pweza wa nazi au wa kuchoma?

Mtu wa Shangani
Hapo ndipo ameanza kukasirika.