Naombeni ushauri: utabiri unasema mvua za radi, sisi tumepanga kulala bondeni

Msafiri77: Wakuu, kesho navuka milima na familia, tuna watoto wadogo. Tulipanga kulala kando ya kijito, keshokutwa tushuke tambarare. Sasa imetoka tahadhari ya mvua kubwa za radi kuanzia mchana. Shemeji anasema kama pale kambini hainyeshi, hatuna la kuogopa. Kijito chenyewe maji yake ni ya vifundoni. Mnasemaje?

MamaBonde: Shemeji mwambie asikae hapo, tafadhali. Mvua inanyesha huko juu, maji yanakukuta wewe chini kukiwa kukavu. Bonde la Big Thompson, Colorado, Marekani, tarehe 31 Julai 1976: wingu la radi liling'ang'ania mahali pamoja, likamwaga kama milimita 300 kwa saa chache. Walikufa watu zaidi ya 140. Baadaye kwenye mabonde ya jimbo lile viliwekwa vibao vya kuwaambia watu wapande juu mafuriko yakija. Wapande kwa miguu, wasishindane na maji kwa gari barabarani.

Msafiri77: Asante mama. Basi tukilala juu kidogo?

Mzee_wa_Njia: Sawa, ila si kileleni wala chini ya mti uliosimama peke yake, radi nayo ipo. Maji yakigeuka rangi ghafla, yakianza kuleta vijiti na majani, au mkisikia mngurumo usiokatika kutoka juu, beba watoto mpande. Hema liacheni. Na ulizia kama mlima uliungua karibuni. Udongo ulioungua haunywi maji, tope na mawe hushuka hata kwa mvua ya muda mfupi.

Msafiri77: Huko tambarare si kuna nafuu?

MamaBonde: Hapana. Ardhi iliyokauka ikawa ngumu nayo hainywi haraka, makorongo makavu hujaa ghafla. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kusukuma gari dogo, 60 hubeba magari mengi, hata yale yaliyoinuka juu. Tena huoni kama lami bado ipo chini yake. Ukikuta maji yamekatiza barabara, geuza.

Msafiri77: Nimeelewa. Tunaondoka alfajiri, mchana utukute tumeshavuka milima, na kambi ya kijitoni nimeifuta.

Mzee_wa_Njia: Angalia utabiri tena kabla ya kuwasha gari. Tahadhari ikipandishwa, ahirisheni.